Karantini Isiyo na Fidia Inamfundisha Mfugaji Kunyamaza

Mfugaji wa Longido au Simanjiro anayekuta asubuhi ng'ombe wake wawili wamejitenga pembeni ya boma, udenda ukining'inia mdomoni, wakinyanyua mguu huu na kuushusha ule, hahitaji mtaalamu wa kumwambia kilichoingia. Ugonjwa wa miguu na midomo anaufahamu tangu utotoni. Kinachomsumbua ni uamuzi: atoe taarifa kwa afisa mifugo wa kata leo hii, au anyamaze mpaka mnada wa wiki hii upite? Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya Tanzania, Namba 17 ya mwaka 2003, inamtaka atoe taarifa. Ada ya shule, deni la duka la dawa na gunia la mahindi vinamtaka anyamaze. Naandika makala haya kwa sababu naamini kwamba ugonjwa huu unaendelea kututawala si kwa uhaba wa chanjo peke yake, bali kwa sababu tumeweka utaratibu ambao anayesema kweli hupata hasara papo hapo na anayeficha hupata nafuu, kisha tunashangaa kwa nini taarifa hazifiki.

Kirusi chenyewe kinajulikana kwa muda mrefu kuliko karibu virusi vingine vyote. Mwaka 1898 wanasayansi wa Kijerumani Friedrich Loeffler na Paul Frosch walionyesha kwamba kisababishi cha ugonjwa huu kinapenya kwenye chujio linalozuia bakteria, na hicho kikawa kirusi cha kwanza cha wanyama kutambuliwa. Kinashambulia wanyama wenye kwato zilizogawanyika: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, na wanyamapori kama nyati. Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 2 na 14 baada ya maambukizi, na mnyama anaweza kuanza kusambaza kirusi kabla lengelenge la kwanza halijaonekana, jambo ambalo peke yake linatosha kueleza kwa nini siku moja ya kuchelewa ina gharama kubwa. Homa hupanda hadi nyuzi 40 au 41, kisha malengelenge hutoka kwenye ulimi, ufizi, chuchu na katikati ya kwato. Yakipasuka hubaki vidonda vibichi, na ngozi ya ulimi inaweza kubanduka mkononi mwa mtu anayemfungua ng'ombe mdomo ili amtazame. Ugonjwa huu hauhesabiwi kuwa tishio kwa afya ya binadamu, na ule wa mikono, miguu na midomo unaowapata watoto wadogo unasababishwa na virusi vingine kabisa.

Ugumu wa kisiasa wa ugonjwa huu ni kwamba mara chache huua ng'ombe mkubwa. Katika zizi ambalo halijawahi kupata kinga wanaweza kuugua karibu wote, lakini vifo vya wakubwa kwa kawaida havifiki 5 kati ya 100. Ndama ndio hufa ghafla, kwa kuwa kirusi hushambulia misuli ya moyo wao. Basi ugonjwa unaoacha mizoga michache haupati nafasi mbele ya homa ya mapafu ya ng'ombe au kimeta wakati bajeti inapogawanywa, na kiongozi anayetembelea kijiji baada ya mwezi mmoja hukuta mifugo imesimama na inakula, akaondoka akiamini kwamba mambo yametulia.

Hayajatulia. Familia inayolima kwa maksai Shinyanga au Simiyu ikipatwa na ugonjwa huu mvua za kwanza zinapoanguka, maksai wasioweza kukanyaga ardhi hawavuti plau, na shamba la pamba au mahindi lililochelewa wiki tatu hakuna awezaye kulirudishia wiki hizo. Mama wa Hai au Lushoto mwenye ng'ombe mmoja chotara hupoteza maziwa yake karibu yote kwa siku kadhaa, na mara nyingi vidonda vya chuchu hufuatiwa na ugonjwa wa kiwele unaoharibu chuchu moja au mbili moja kwa moja. Majike wenye mimba hutupa. Wapo pia wanaopona lakini hawarudi kuwa wale wa zamani: manyoya hurefuka, hawavumilii jua, hushinda wakihema kivulini na kushika mimba kwao huwa kwa shida. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yaliweka hasara ya kila mwaka, katika nchi ambazo ugonjwa huu umeota mizizi, kati ya dola za Marekani bilioni 6.5 na bilioni 21, na sehemu kubwa ya hasara hiyo haionekani katika takwimu za vifo. Imo katika ndoo ya maziwa isiyojaa na katika ndama ambaye hakuzaliwa.

Sasa tuitazame karantini jinsi inavyofanya kazi huku chini. Inapotangazwa, mnada hufungwa, vibali vya kusafirisha mifugo husitishwa, na mara nyingi eneo linalofungwa ni wilaya nzima hata kama ugonjwa uko katika vijiji viwili. Mwenye ng'ombe wagonjwa na mwenye ng'ombe wazima wanafungiwa pamoja. Tarehe ya kufungua kwa kawaida haitajwi. Wiki mbili hazijapita, wanunuzi wa pembeni wanaanza kuingia usiku, wakinunua kwa bei ya kutupa kwa sababu wanajua kwamba muuzaji hana pa kwenda, na ng'ombe hao hupitishwa njia za panya hadi wilaya ya jirani ambako mnada uko wazi. Hivyo amri iliyokusudiwa kuzuia mifugo isitembee inaifanya itembee bila kibali, bila kukaguliwa na bila kumbukumbu, na faida iliyo kati ya bei ya chini na bei ya juu inabaki mikononi mwa mtu wa kati.

Wala si mfugaji peke yake mwenye sababu ya kuchelewa kusema. Ushuru wa mnada ni chanzo cha mapato cha halmashauri nyingi za wafugaji. Afisa mifugo anayependekeza kufungwa kwa mnada anapendekeza pia kupunguzwa kwa mapato ya ofisi inayomlipia mafuta ya pikipiki, na anafanya hivyo mbele ya madalali, wachinjaji, wenye malori na mama lishe ambao riziki yao ya wiki iko pale pale. Simlaumu anayesita. Nalaumu mpangilio unaomweka mahali hapo bila kumpa kitu cha kuwaambia watu zaidi ya neno "subirini".

Fidia, kama inavyoandikwa katika sheria za nchi nyingi, ni malipo ya mnyama aliyeuawa kwa amri ya serikali. Uingereza iliwalipa wafugaji wake kwa utaratibu huo mwaka 2001, wakati zaidi ya wanyama milioni 6 walipochinjwa kuuzima mlipuko mmoja. Sisi Afrika Mashariki hatuchinji mifugo kwa ajili ya ugonjwa huu, wala hatupaswi kuanza, kwa kuwa kirusi kipo kila mahali na tungemaliza ng'ombe kabla ya kumaliza ugonjwa. Lakini kwa kuwa hatuchinji, tumejikuta tunadhani kwamba hakuna aliyepoteza kitu cha kulipwa. Mfugaji amepoteza soko kwa miezi. Amelipishwa gharama ya kuwakinga wafugaji wa wilaya nyingine, na hakuna aliyemshukuru.

Mlipuko huo wa Uingereza una somo jingine kwetu, na si lile la kuchoma mizoga. Kabla ugonjwa haujathibitishwa katika machinjio moja ya Essex mwezi Februari mwaka huo, kondoo walioambukizwa walikuwa wamekwisha kupita katika minada ya Hexham na Longtown, na kutoka hapo wakasambazwa nchini, hivi kwamba mashamba zaidi ya 50 yalikuwa na maambukizi kabla serikali haijajua kwamba ina tatizo. Nchi yenye maabara mashuhuri kuliko zote duniani kwa ugonjwa huu, ile ya Pirbright, ilizidiwa mbio na mnada wa kondoo. Kwetu minada ni ya kila wiki, ng'ombe asiyepata mnunuzi hurudi bomani jioni akiwa amekula, amekunywa na amesuguana na mamia ya wengine, na lori lililoshusha mzigo kwenye mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hurudi bara bila kuoshwa.

Uganda imelipitia jambo hili kwa uchungu. Katika milipuko ya mwaka 2023 na 2024, wilaya zaidi ya 30, nyingi zikiwa katika ukanda wa ng'ombe unaoanzia kusini magharibi kupanda kaskazini mashariki, ziliwekewa karantini, na maisha ya familia zinazotegemea maziwa na ng'ombe wa kuuza yakasimama. Mjadala ulioibuka baadaye ulikuwa juu ya nani alipie chanjo, serikali au mfugaji. Ni swali la haki, lakini lilifika likiwa limechelewa, kwa sababu mtu aliyefungiwa soko miezi kadhaa hana mfukoni fedha ya kuchangia chanjo anayoambiwa ndiyo itakayomfungulia soko.

Kuna kisingizio ambacho husikika kila mlipuko unapotokea karibu na hifadhi, kwamba nyati ndio wanaotuletea. Ni kweli kwamba nyati hubeba virusi vya kundi la SAT, yaani aina za kirusi hiki zilizopewa jina la maeneo ya kusini mwa Afrika, bila kuugua, na nyati mmoja anaweza kuwa navyo kwa miaka. Kusini mwa Afrika hoja hiyo ina uzito mkubwa, na Botswana ilijenga uzio mrefu wa waya kutenga mifugo na wanyamapori ili ilinde soko lake la nyama la Ulaya, kwa gharama ya maelfu ya nyumbu waliokufa kwa kiu wakiwa wamezuiwa kufika kwenye maji. Kwetu mambo ni tofauti. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania, pembezoni mwa Serengeti, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba milipuko ya ng'ombe huja kwa mawimbi, aina moja ya kirusi ikitawala kwa kipindi kisha ikaipisha nyingine, na kwamba mawimbi hayo yanaenea Afrika Mashariki kwa mifugo yenyewe na si kwa kuvuka kutoka kwa nyati. Maana yake kwa sera ni kubwa. Hatuhitaji uzio wa kukata njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja. Tunahitaji kujua wimbi lililopo limefika wapi, na wimbi hufuata njia za biashara ya ng'ombe.

Hapo ndipo suala la chanjo linapokutana na suala la kunyamaza. Kirusi hiki kina aina saba: O, A, C, Asia 1, SAT 1, SAT 2 na SAT 3. Aina C haijaonekana duniani tangu mwaka 2004, ambapo ilitolewa taarifa Brazil na Kenya. Tanzania na Kenya zinahangaika zaidi na O, A, SAT 1 na SAT 2. Kinga dhidi ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine, na hata ndani ya aina moja zipo koo zinazotofautiana kiasi kwamba chanjo ya ukoo huu inaweza kufanya kazi kwa udhaifu dhidi ya ukoo ule. Kinga yenyewe hudumu takriban miezi minne hadi sita, kwa hiyo mnyama huanza kwa dozi mbili na kurudiwa mara mbili kwa mwaka, na dawa ikae katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka zizini. Anayekumbuka ushindi dhidi ya sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, asidhani kwamba njia ni ile ile. Sotoka ilikuwa na aina moja, na chanjo ambayo daktari wa mifugo Mwingereza Walter Plowright aliiandaa pale Muguga, Kenya, ilimpa ng'ombe kinga ya maisha kwa dozi moja. Kwa miguu na midomo hatuna bahati hiyo.

Kwa hiyo chanjo bila sampuli ni kubahatisha. Sampuli bora hutoka kwenye lengelenge jipya, kipande cha ngozi yake au majimaji yake, na lengelenge hilo hudumu siku chache tu kabla halijapasuka na kuanza kupona. Mfugaji akitoa taarifa siku ya pili, mtaalamu anapata kitu cha kupeleka maabara na jibu linaweza kusema ni O au ni SAT 2. Akitoa taarifa wiki ya tatu, kwa kuwa alisubiri mnada upite, mtaalamu anakuta makovu. Nchi inayokosa sampuli hununua chanjo kwa kukisia, chanjo iliyokisiwa inashindwa kuzuia mlipuko unaofuata, na mfugaji aliyeilipia anawaambia jirani zake kwamba sindano za serikali hazifai kitu. Hatakuwa amesema uongo kwa alichokiona.

Imani ikishavunjika, gharama yake ni kubwa, na Kenya inaweza kutoa ushahidi. Nchi hiyo inatengeneza chanjo hii yenyewe Nairobi kupitia taasisi yake ya umma, KEVEVAPI, kwa miaka mingi, na wafugaji wake wa maziwa wamekuwa wakiitumia. Hata hivyo, serikali ya Rais William Ruto ilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2024 kwamba ingechanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa huu na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka ya mbuzi, upinzani ulizuka kila kona, ukichochewa na uvumi kwamba chanjo ililenga kupunguza gesi ambayo ng'ombe hutoa na kwamba matajiri wa nje walikuwa nyuma yake. Uvumi ule haukuwa na msingi. Lakini ulipata udongo mzuri, kwa sababu wafugaji walisikia habari za sindano kutoka jukwaani kabla hawajazisikia kutoka kwa daktari wa mifugo wanayemjua, na kwa sababu wengi wao mara ya mwisho walipomwona ofisa wa mifugo alikuwa amekuja kufunga soko.

Wafugaji wenyewe hawajakaa mikono mitupu. Katika jamii kadhaa za Kenya na Tanzania vidonda vya mdomo huoshwa kwa maji ya magadi, na Kenya wapo wanaopaka baada ya hapo asali na unga wa wimbi ili vidonda vikauke na mnyama arudi kula. Magadi hayo, kwa lugha ya maabara, ni sodiamu kaboneti, ambayo kwa mchanganyiko wa asilimia 4 ni moja ya dawa zinazotambuliwa kuua kirusi hiki kwenye magari na vifaa, kwa kuwa kirusi hakivumilii ukali wa magadi wala uchachu wa asidi. Nayataja kwa sababu ofisi inayotaka kuaminiwa ingeanzia hapa, kwa kumpa mfugaji magadi ya kuoshea kwato na malori na kumwambia kwamba yuko kwenye njia sahihi, badala ya kumkuta akichoma antibaiotiki ambazo haziui kirusi na kumgombeza.

Nini kifanyike basi? Naanza na karantini yenyewe, iwe ndogo na iwe na mwisho unaojulikana. Ifungwe kata au vijiji vilivyoguswa na vinavyopakana navyo, si wilaya nzima, na siku ya kutangazwa itajwe pia siku ya kukaguliwa upya. Chanjo ya kuzunguka eneo hilo itolewe bure, ikianzia kwa jirani wa aliyetoa taarifa, ili taarifa yake ionekane kuwa imewaletea watu neema na si balaa. Halmashauri iliyofunga mnada kwa ushauri wa kitaalamu irudishiwe na serikali kuu sehemu ya ushuru uliopotea, maana bila hivyo tunaiomba ijiadhibu.

Pendekezo ninalolishikilia zaidi ni la soko. Nyama ya ng'ombe mzima aliyekaguliwa kabla na baada ya kuchinjwa, ikaachwa ikomae kwa baridi kwa saa 24, hupata uchachu unaokiua kirusi kwenye msuli. Kirusi huweza kubaki hai kwenye uboho wa mifupa na tezi tu. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani inaruhusu, kwa masharti, biashara ya nyama iliyotolewa mifupa na tezi kutoka maeneo yenye ugonjwa. Kama kanuni hiyo inakubalika kwa mteja wa Ulaya, inashindikana vipi kumlisha mkazi wa Arusha au Dodoma kutoka kata iliyofungwa? Serikali inaweza kuingia mkataba na machinjio iliyo karibu inunue ng'ombe wazima kutoka ndani ya karantini, kwa bei iliyotangazwa, wasafirishwe kwa lori lililofungwa na kuoshwa kwa magadi, na mfugaji apate fedha yake kwa njia ya halali. Mnunuzi wa usiku atakosa biashara siku hiyo hiyo.

Msingi wa kufanya hivyo umeanza kuwekwa. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Bariadi mwezi Juni 2025 ililenga homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri cha kuku, huku mifugo ikivishwa hereni. Miguu na midomo haikuwa katika orodha hiyo, na kwa hesabu ya vifo naelewa sababu. Ila hereni zile zina thamani kwa ugonjwa huu kuliko kwa mwingine wowote, kwa sababu ng'ombe mwenye namba anaweza kufuatwa nyuma kutoka mnadani hadi bomani ndani ya siku moja.

Muda nao hautusubiri. Mwaka 2025 kirusi cha SAT 1, ambacho si cha kawaida huko, kilionekana Iraq, Kuwait na Bahrain, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaeleza kwamba yaelekea kilitoka Afrika Mashariki. Ghuba ndiko tunakopeleka mbuzi na kondoo wetu. Mnunuzi wa Muscat au Dubai hatauliza kama wilaya fulani ilikuwa na karantini. Ataomba ushahidi kwamba tunajua ugonjwa uko wapi na wa aina gani. Wizara inaweza kuanza na wilaya mbili tu, moja ya ng'ombe wa maziwa na moja ya wafugaji wanaohama, ikazipa karantini ndogo, chanjo ya bure na machinjio ya mkataba kwa miaka miwili, kisha ikapima jambo moja: siku ngapi zinapita kati ya lengelenge la kwanza na simu ya mfugaji.